Mtoto wa Miaka Tisa Kooni mwa Domitila

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nne asubuhi, Domitila Arriaga alikuwa mvulana wa miaka tisa. Alikuwa akivua koti, akitundika mkoba, akinywa mafunda mawili ya maji ya uvuguvugu na kusimama mbele ya maikrofoni, na mvulana anatoka.

Mvulana huyo anaitwa Njiti. Ndiye mdogo kuliko wote katika "Watano wa Mnara", katuni ya mashujaa inayochorwa ng'ambo na kuwafikia watoto wetu kwa sauti za Kihispania zinazotiwa hapa hapa Mexico. Kwenye kazi hiyo sauti za wavulana hutiwa na wanawake, kwa sababu mvulana wa kweli hubaleghe katikati ya msimu akakuachia sauti ya fahali. Njiti alikuwa na miaka tisa siku ya kwanza, na mpaka leo ana miaka tisa. Domitila ndiye aliyezeeka kwa niaba ya wote wawili. Sasa ana sitini na mbili, hakuzaa, na anaishi na dada yake Cuca ghorofa ya tatu, mtaa wa Portales, kwenye jengo letu la rangi ya karoti.

Mwezi wa pili sauti ilianza kumtoroka. Kwanza zikaenda za juu, halafu za kati, halafu akawa anaamka asubuhi na kukuta ndani ya koo lake mlango unaolia bawaba. Daktari alimwingiza kamera ndogo, akamwonyesha kwenye kioo nyuzi zake mbili za sauti, kila moja ikiwa na kinundu kama punje ya ufuta.

"Mama unafanya kazi gani?" daktari aliuliza. "Unauza matunda sokoni?"

"Hapana, daktari," Domitila alijibu kwa kukwaruza. "Mimi ni shujaa."

Vinundu vilitolewa. Masharti yakawa haya: wiki sita bila neno hata moja. "Wala usinong'one," daktari alisema. "Watu hudhani kunong'ona ni kupumzisha koo. Kunong'ona kunakwaruza kuliko kusema. Na kupiga kelele, mama, hiyo isahau."

Sasa, Njiti bila kelele ni nini? Kila kipindi, vita vikiisha na vumbi likianza kutua, Njiti hupanda juu ya kitu chochote kilichobaki kimesimama, nguzo au gari au bega la mwenzake, akaita: "Tuhesabianeee!" Wenzake hujibu mmoja mmoja, moja, mbili, tatu, nne, na yeye mwenyewe humalizia: tano. Ni kwa sababu msimu wa kwanza walimsahau chini ya kifusi. Kwa hiyo mwito ule Domitila ameupiga mara mia tatu na kumi na mbili, bila kuhesabu za kurudia, na ndio uliomletea zile punje za ufuta.

Wiki ya kwanza ya ukimya alikuja Lisandro Peñaloza, mwongozaji wake, na sanduku la mikate mitamu. Lisandro ni mtu wa kuzungukazunguka. Alisifia mapazia, akasifia kasuku wa jirani, ndipo akasema, akimwita Mwalimu kama studio nzima inavyomwita.

"Mwalimu, kimebaki kipindi kimoja. Cha mwisho kabisa, baada ya hapo Watano basi. Nimekuombea muda mpaka tarehe ishirini na nane mwezi wa nne. Lakini wenye katuni wanataka pawe na mtu pembeni. Wametuletea kijana mmoja maarufu mtandaoni. Asubuhi ni yako. Ikishindikana, mchana anaingia yeye."

Domitila alichukua kibao na chaki alivyonunuliwa na Cuca, akaandika: NJITI ANAPIGA KELELE KIPINDI CHA MWISHO?

Lisandro alitazama dari. "Unajua siwezi."

Kweli hawezi. Kwenye kazi hii mtu hapewi maandishi aende nayo nyumbani. Unafika, unatazama kipande mara moja, unasoma, unasema, unaenda kipande kinachofuata. Na kipindi cha mwisho kimefungwa kwa mikataba ya siri, mpaka mfagizi wa studio amesaini. Lisandro aliaga, akafika mlangoni, akarudi. "Njoo tu, Mwalimu. Njoo na ulichonacho."

Domitila alielewa kwamba anahurumiwa. Usiku ule hakulala vizuri. Hakuogopa kustaafu. Aliogopa kitu kidogo zaidi na kibaya zaidi: kwamba watoto waliomfuata Njiti miaka yote wangefika kwenye kipindi cha mwisho, wakae mbele ya runinga na vikombe vyao vya maziwa, na kinywani mwa Njiti atoke mtu mwingine.

Cuca, kwa upande wake, aliona ukimya huo kama likizo. Cuca ni mkubwa kwa miaka minne na amefagia wodi za hospitali miaka thelathini. Katuni hiyo hajawahi kuipenda, na hajawahi kukosa hata kipindi kimoja.

"Miaka kumi na tisa nimekaa kimya kwenye sofa hii," alisema, akimmiminia mdogo wake chai ya maua ya bugambilia na asali. "Leo utakaa kimya wewe. Kwanza, makelele. Mtu anarusha ngumi, anatangaza jina la ngumi. Ya nini? Mimi nimeua panya wangapi hospitalini, uliwahi kusikia nimetangaza jina la fagio?"

Domitila alicheka kwa mabega tu.

"Pili, yule Mwamba. Kwa nini mnene lazima awe anakula? Mimi mnene tangu ubatizo. Nimesoma magazeti, nimecheza dansi ya danzón, nimeolewa mara mbili. Yeye kutwa anatafuna, na wenzake wanamcheka. Tatu, Ukungu. Msichana mmoja kati ya watano, kazi yake kulia na kufunga watu bandeji. Na visigino! Nani anapigana na jitu la chuma amevaa visigino, Domi?"

Domitila aliandika: VISIGINO NI KWELI. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena: MWAMBA TULIMTETEA.

Hilo Cuca hakuwa akilijua, na ilichukua vibao saba kulieleza. Kila mara picha za ng'ambo zilipokuja na mtu anamwita Mwamba gunia, Domitila na wenzake walitafuta neno lingine lenye upole, linaloingia vizuri kwenye midomo ya mchoro inavyofunguka na kufunga. Lisandro alikuwa akiinamia karatasi zake kama mtu asiyesikia. Ndiyo maana watoto wa Mexico hawajui kwamba Mwamba alitukanwa.

"Mmm," Cuca alisema. "Basi nyinyi mna akili kuliko waliochora. Lakini la nne hunijibu, maana la nne ndilo linaloniuma. Wanabomoa mji. Kila wiki! Ghorofa zinaanguka kama biskuti, wao wanachekelea, wanakwenda kula aiskrimu. Nani anafagia?"

Domitila alikaa na chaki hewani. Halafu akaandika kwa herufi zilizojaza kibao kizima: WANAHESABIANA.

Cuca alisoma. Alichukua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa. "Haya," alisema. "Hilo moja nakupa."

Alimpa kwa sababu siku ile alikuwepo. Mwezi wa tisa, miaka kadhaa iliyopita, ardhi ilipotikisa mji huu tukatoka barabarani sote, watu wa jengo la karoti, tukiwa na vumbi la plasta kwenye nywele. Watoto walilia. Wakubwa waliita majina yote kwa pamoja na hakuna aliyesikia jina. Domitila alipanda juu ya boneti ya gari la mtu, na kutoka kwenye koo la mama yule mnyamavu wa ghorofa ya tatu akatoka Njiti: "Tuhesabianeee!" Watoto walinyamaza palepale. Walikuwa wanajua la kufanya, wamelifanya kila Jumamosi mbele ya runinga. "Moja!" akaanza mmoja, huku kamasi zinamtoka. "Mbili!" Hesabu ikapanda kutoka kwa watoto mpaka kwa wakubwa, ikafika mwisho, ikapungua mmoja. Aliyepungua alikuwa Mzee Eleuterio, mlango wake umebanwa na fremu. Vijana walipanda wakauvunja, wakamshusha amebebwa kama sanamu ya mtakatifu kwenye maandamano, mkononi ameshika viatu.

Tangu hapo kila zoezi la tetemeko kwenye jengo letu ni Domitila anayeita. King'ora cha barabarani tunacho kama wengine, lakini miguu yetu inamsikiliza Njiti.

Na hilo ndilo alilolisahau, siku saba kabla ya tarehe ishirini na nane.

Wiki sita zilikuwa zimekwisha. Daktari alimruhusu kusema kidogo, dakika tano kwa siku, halafu kumi. Jumanne hiyo saa kumi na mbili jioni alipanda juu ya paa, kwenye matangi ya maji na kamba za nguo, akajificha katikati ya mashuka ya watu. Akamwita Njiti kwa sauti ya chini. Njiti akaja. Alikuja kwa kuchechemea, lakini alikuja: akacheka kicheko chake cha puani, akanung'unika, akaomba mkate. Domitila alishika shuka la jirani akajifuta macho. Angeshuka hapo hapo ingekuwa heri. Lakini moyo wa mtu ukishapewa kidogo huuliza kilichobaki. Mara moja tu, aliwaza. Nijue ninacho au sina.

"Tuhesabianeee!"

Sauti ilipanda vizuri mpaka katikati, kisha ikapasuka kama kitambaa.

Chini yake, milango ikafunguka yote kwa mpigo mmoja.

Alisikia ngazi zikinguruma. Alisikia mbwa, ndala, mtoto aliyeamshwa, kasuku akibebwa na tundu lake. Alipofika ukingoni na kuchungulia, jengo zima lilikuwa barabarani. Mzee Eleuterio alikuwa na povu la kunyolea nusu ya uso na wembe mkononi. Cuca alikuwa na vibiringisho kichwani, ameshika sufuria ya maharage kwa aproni, inatoa moshi. Na walikuwa wakihesabiana, kwa utaratibu, bila fujo.

"Kumi na sita!"

"Kumi na saba!"

"Tunatakiwa kumi na nane! Nani hayupo?"

"Domi!" Cuca alipiga ukelele ambao Njiti angeuonea wivu. "Domi wangu hayupo! Domitilaaa!"

Kichwa cha Domitila kilijitokeza kati ya mashuka mawili. Barabara yote iliinua macho.

"We Domi," Cuca alisema. "Kuna tetemeko?"

Domitila alitikisa kichwa.

"Ni wewe umepiga kelele?"

Akainamisha kichwa.

"Mimi nilijua hakuna kitu," alisema Mzee Eleuterio, akikusanya povu kwa kidole. "Sijatikisika hata kidogo. Ila miguu ilishuka yenyewe."

"Ulijua, na umetoka na wembe?" mama mmoja alimtania. "Ulitaka kulinyoa tetemeko?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa ukingoni mwa barabara. Cuca peke yake hakucheka. Alipanda ghorofa zote na sufuria yake mpaka juu ya paa, akaiweka juu ya tangi la maji, akasimama mbele ya mdogo wake akihema.

"Siku saba. Umebakiza siku saba, Domi! Mtu mzima na mvi zako!"

Domitila alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa ile bawaba ya mwezi wa pili. Akaufunga, na machozi yakaja.

Cuca alimwangalia. Alitoa kitambaa kwenye aproni, akampangusa kama anayepangusa meza, pande zote, mpaka pembeni. "Ilipasuka," alisema kwa upole. "Lakini nilikimbia, mdogo wangu. Nimeacha jiko linawaka nikakimbia. Kwa katuni nisiyoipenda."

Daktari aliingiza kamera tena, akasikitika kwa muda mrefu. Nyuzi zilikuwa zimevimba, nyekundu, ila hazijachanika. Ukimya mpaka asubuhi ya kazi, alisema. Na kama Mama ana kelele nyingine akilini, amtafute shujaa mwingine wa kuzipiga.

Tarehe ishirini na nane walikwenda wote wawili, Cuca na chupa ya chai ya bugambilia kifuani kama mtoto mchanga. Kwenye ukumbi mwembamba wa studio yule kijana wa mtandaoni alikuwa amekaa peke yake, mwenye kofia ya sufu. Alipomwona Domitila alisimama haraka, kiti kikaanguka.

"Mwalimu, karibu ukae." Aliokota kiti, akakifuta kwa mkono wa shati. "Mimi… niseme tu ukweli. Nilijifunza kuhesabu kwa Njiti. Tangu jana naomba nisiingie mle ndani."

"Umeomba kwa nani?" Cuca alimuuliza.

"Kwa Bikira, mama."

"Vizuri. Endelea."

Domitila aliingia. Akavua koti, akatundika mkoba, akanywa mafunda mawili. Upande wa pili wa kioo Lisandro aliketi na Wulfrano, fundi sauti, na wote wawili walikuwa na nyuso za watu waliokatazwa kutabasamu.

"Tunakwenda moja kwa moja kwenye kipande kile," Lisandro alisema kupitia vipokea sauti masikioni mwake. "Vingine vyepesi. Tazama kwanza."

Picha ilianza. Mnara umeanguka. Vumbi, vumbi tupu, na muziki umezimwa. Domitila alishika kiegemeo cha maandishi kwa mikono miwili, akasubiri Njiti apande juu ya kitu. Njiti hakupanda. Hapakuwa na kitu kilichobaki kimesimama. Mtoto alitambaa kwenye giza la kifusi, kwa magoti, akipapasa, na kila alipomgusa mmoja alimwekea kiganja kwenye paji la uso na kumnong'oneza namba yake. Moja. Mbili. Tatu alichelewa kumpata. Nne. Kisha akajigusa mwenyewe kifuani.

Hakuna kelele. Ndicho Lisandro alichokuwa akikijua wakati anatazama dari.

Pumzi ilimtoka Domitila mpaka miguuni. Halafu ikasimama njiani. Akabonyeza kitufe. "Ananong'ona," alisema. "Lisandro, kunong'ona ndiko nilikokatazwa. Ni kubaya kuliko kelele."

Nyuma ya kioo wanaume wawili walitazamana. Hilo hawakuwa wamelifikiria.

"Lo," alisema Wulfrano.

Domitila alirudisha macho kwenye picha iliyoganda, kwenye kiganja kidogo juu ya paji la uso la Mwamba. Alimfikiria mtu anayeingia chumbani na kukuta wengine wamelala, anayetaka tu kujua kama wapo. Mtu huyo hanong'oni. Anasema, ila anasema kidogo.

"Acha nijaribu hivi," alisema. "Sitatoa hewa. Nitatoa sauti, ndogo iwezekanavyo. Kama kuongea na aliyelala."

"Midomo ya mchoro itakubali?" Lisandro aliuliza.

"Midomo ina vumbi, haionekani vizuri. Washa."

Akasema. Uvimbe ulikuwa bado kooni, na mkwaruzo wake ukaingia kwenye vumbi la picha kana kwamba mtoto amelimeza. Moja. Mbili. Tatu ilikatika katikati na hakuirekebisha. Nne. Tano aliisema kama anayeuliza.

Wulfrano hakuzima mashine kwa muda, ingawa kipande kilikuwa kimekwisha. Lisandro alivua miwani.

"Ya kwanza inabaki," alisema. "Yao ya ng'ambo ilikuwa mnong'ono tu. Hii… basi. Inabaki."

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Karibu na mwisho, kwa picha za kumbukumbu, Njiti wa zamani anaonekana juu ya nguzo akipiga mwito wake, sekunde nne. Lisandro alilitaja kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai mezani. Wanazo kelele zote tangu msimu wa kwanza, alisema, zimehifadhiwa. Wangeweza kuchukua moja. Kama Mwalimu hataona vibaya.

"Nione vibaya kwa nini?" Domitila aliuliza, akaanza kucheka kicheko cha Njiti, cha puani. "Yule mwanamke alikuwa na miaka arobaini na mitatu na koo la chuma. Mwache apige kelele yeye. Mimi nimechoka."

Vipande vingine vilipita kwa saa moja na nusu. Kwenye cha mwisho kabisa, majina ya wachoraji yakianza kupanda kwenye kioo, Domitila aliona kitu nyuma ya majina, akacheka kwa nguvu hata Wulfrano akalazimika kusimamisha mashine.

Alipotoka, kijana wa kofia alikuwa bado amesimama. Alimtazama usoni mara moja tu, akaketi kwenye kiti chake kwa kishindo, akakumbatia magoti. Cuca alimmiminia chai iliyobaki.

Njiani Cuca hakuweza kuvumilia. "Enhe?"

"Nimesaini, dada. Siwezi kusema."

"Mimi ni damu yako!"

"Hata damu imeandikwa kwenye mkataba."

Kwenye jengo letu walikuta watu wanawangoja mlangoni, kila mmoja akijifanya ana shughuli yake pale. Domitila aliwaangalia wote, akainua vidole vitano, akavikunja kimoja kimoja kama anayehesabu. Mzee Eleuterio alipiga makofi. Wengine walianza kukumbatiana bila kuuliza zaidi.

Cuca alikuwa bado anamwinda. "Nakuuliza moja tu. Lile la nne, la mji uliobomolewa. Nijibu hilo, nife na amani."

Domitila alikwenda pembeni mwa ngazi linakokaa fagio la jengo, akalichukua, na akiwa na koti lake zuri la kwendea kazini alianza kufagia ukumbi, taratibu, kutoka ukutani kwenda mlangoni, huku akimtazama dada yake.

Cuca alishika mdomo.

"Usiniambie," alisema. "Wote watano?"

"Sijasema kitu," alijibu Domitila, kwa sauti ndogo, akaendelea kufagia.